Mstari wa Meli ya Kaka

Wakala mmoja wa forodha hapa Tanga alinipa kazi ya kumtengenezea programu ya kujua meli zilipo. Alikuwa amechoka kupiga simu na kujibiwa "bado, bado" na watu wanaokunywa chai. Iko huduma ya nje ya nchi inayopokea ishara za meli na kuuza habari zake, ila kuzichota habari hizo na kuziingiza kwenye programu ni usumbufu mtupu. Nikatumia njia inayoifanya huduma hiyo ionekane kama jedwali ndani ya hifadhidata yangu. Naandika swali fupi: nipe mahali na hali, kutoka meli, ambapo jina ni fulani. Mstari wa habari za meli hiyo unakuja. Jedwali lenyewe halipo kwangu. Swali linakwenda mbali na kurudi na jibu. Naruhusiwa kusoma, kuandika humo siruhusiwi hata herufi.

Kaka yangu alikuwa baharia katika meli ndogo ya mizigo. Mkewe alipojua ninacho kitu hicho, akawa anapita kwangu Ngamiani kila akitoka sokoni. "Hebu muulize," husema, utadhani namuuliza kaka mwenyewe. Nikimjibu, anaondoka anacheka.

Kisha meli ikazama. Wenye meli walimpigia mama simu. Waliookolewa walimwona kaka akienda nayo chini. Tukasoma hitma. Sheikh akasema ushahidi umetosha, mjane akae eda.

Shemeji hakukaa, na sababu yake ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Mstari wa meli ulikuwa bado upo, na penye hali pameandikwa: inasafiri. Nilimweleza kwamba huduma hushika neno la mwisho ililosikia, na meli iliyozama haina wa kutuma neno jingine. Nikamwonyesha tarehe ya taarifa hiyo pembeni.

"Shemeji, wewe ukienda Mwera simu haishiki kutwa nzima," akasema. "Tushakusomea hitma?"

Nilikasirika, sifichi. Nikawaandikia wenye huduma kwamba meli hiyo iko chini ya maji, waifute. Wakanishukuru kwa kuwa mteja wao.

Mtaani maneno yakaanza. Hina mikononi, udi nguoni, mjane gani huyu? Mama akaacha kula naye sahani moja. Siku moja aliniita uani.

"Mfungie hiyo mashine, mwanangu. Mwenzako kazikwa na maji, wewe unamsafirisha."

Sikuifunga. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba kunaweza kuwa maradhi. Maana mimi mwenyewe, kila asubuhi kabla shemeji hajafika, nilikuwa nimeshauliza. Nikiliona lile neno "inasafiri" moyo unatulia kidogo, halafu najichukia, halafu nachemsha chai.

Ikafika siku akaja na machungwa ya Muheza, akayaweka mezani, akasema kama kawaida yake nimuulize. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, ukarudi yeye akiingia, sikuwa nimeuliza. Nikabonyeza. Jibu likaja tupu.

"Umekosea jina."

Nikaandika upya, yeye akinisomea herufi moja moja. Tupu. Nikaulizia meli nyingine, ikajibu papo hapo. Mtandao ulikuwa mzima. Huko mbali kuna mtu, au programu nyingine tu, iliyopita kufagia mistari iliyonyamaza muda mrefu, na wa kaka ukaondoka na takataka.

Mimi nilikuwa nalia, shemeji hakulia. Akavua bangili, moja ikamkwama, akaivuta mpaka ikamchuna ngozi.

"Mwambie mama naanza eda leo," akasema.

Sheikh alimwambia eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kuridhika. Akajibu kwamba anayejua siku ya mumewe ni yeye.

Hitma ya mwaka mama huisoma siku meli ilipozama. Shemeji huja, hupika, hugawa sahani, nami hunikaribisha vizuri. Lakini ile siku yake mwenyewe, siku ya jibu tupu, ikifika, tukikutana njiani nikamsalimia, haitikii.