Mashi ya Kufungia Mlango

Mtu akibadilisha lugha mbele yangu, mimi najua ananisema. Usinieleze habari nyingine. Nilikulia hapa Bukavu, katika nyumba ambamo papa na maman walituongelesha Kiswahili, shuleni tukapewa Kifaransa, na Mashi, lugha ya kwao wazazi, ikawa ya kufungia mlango. Wakianza Mashi mezani, tulijua kuna mtu amekufa kijijini Nyangezi, au papa amesimamishwa kazi, au mmoja wetu atachapwa jioni. Na kuuliza hakuna. Ukiuliza, unapata kofi: mambo ya wakubwa hayo! Ndiyo hivyo lugha ya mama yangu sikufundishwa, nilifundishwa kuiogopa tu.

Mwaka huu maman alianguka kwa tension, presha ya damu. Alipozinduka hospitalini, Kifaransa kilikuwa kimeondoka na Kiswahili nacho, ikabaki Mashi peke yake. Mama mudogo, ndugu yake anayemfuata, akatoka Nyangezi kuja kumuuguza, na tangu siku hiyo chumba kile ni minong'ono kutwa. Nikiingia, maman ananitazama, anasema neno, halafu wote wawili wananyamaza. Wananyamaza, jamani, nyumbani kwangu! Nasimama pale na bakuli la uji kama mgeni aliyekosea mlango, naliweka, natoka.

Nikaanza kuwaza. Daktari amemwambia nini mama mudogo? Au wanagawana shamba la Nyangezi mimi sijui? Dalili ya mvua ni mawingu. Nikaapa kwamba Jumapili, misa ikiisha, mama mudogo atapanda gari arudi kwake, nami nitatafuta muuguzi wa Kiswahili, ili maman asizungukwe na siri katika siku zake za mwisho.

Sasa, kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili, pale pale sebuleni. Wakati ule nilikuwa na wawili: fundi wa ndege wa uwanja wa Kavumu, mtu wa Belarus, mkubwa kama kabati, na mke wa muuza vitambaa, Mmarwari kutoka Rajasthan, kule India. Lugha ya kuwaunganisha hawakuwa nayo isipokuwa hicho Kiswahili cha kuokoteza. Na wote wawili niliwashuku. Fundi akiitwa na wakubwa wake anajibu kwa Kirusi, sauti ya uwanja wa ndege. Ikilia simu nyingine, anageukia ukuta, sauti inashuka, na maneno yanakuwa ya dz na ts, kama mtu anayefukuza kuku wa jirani asisikike. Yule mama vilevile: na bwana yake Kihindi, wazi kabisa, lakini kwa simu ile nyingine anavuta mtandio, na ulimi unakunjwa nyuma mpaka unagusa kaakaa. Eh! Nikasema, hawa nao wananisema.

Siku moja nikawabana. "Hizo luga za kufichia, ni za nini?"

"Kibelarusi, mwalimu," akasema fundi.

"Kimarwari," akasema yule mama.

Bon, nikaamua kulifanya somo, niwapime. Waandike maneno ubaoni. Herufi zao hata hazijuani: za huyu zinasimama moja moja, za yule zinaning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Huyu ana maneno ya theluji na ya vinamasi. Yule ana maneno ya mchanga. Lakini moto, fundi akasema *ahoń*, mama akasema *aag*. Mbili, *dva* na *do*. Wakacheka, wakatazamana. Mimi sikucheka, nilidhani wamepatana njiani. Kisha fundi akasema kwamba kwao watu wa mjini huiita lugha yake Kirusi cha shambani, na shuleni walimcheka, ndiyo maana sauti inashuka yenyewe. Yule mama akaitikia kwa kichwa: hata yake, watu husema si lugha, ni Kihindi cha kijijini.

"Na kwenye simu munasemaga nini?"

Fundi akawa mwekundu. "Mama anauliza nimelala vizuri. Mimi nauliza amechimba viazi."

"Mama yangu anasema mvua imenyesha," akasema mwenzake. "Tangi imejaa."

"Viazi na mvua? Kwa minong'ono ile yote?"

Sikuamini. Hata walipoondoka sikuamini. Nikachukua uji, nikaingia chumbani, na mambo yakawa yale yale: neno moja, kisha kimya. Hasira ikanipanda.

"Mama mudogo, munanificha nini?"

Akaniangalia kama nimelewa. "Kukuficha? Maman yako anakuongelesha weye! Kila siku ukiingia anakuuliza kama umekula. Tunanyamaza tungoje ujibu. Weye unaangalia chini, unatoka. Halafu ananiuliza mimi: huyu mutoto nilimukosea nini, mbona hanijibu? Namwambia umechoka."

"Mungu wangu. Mbona hukunieleza?"

"Nilizani unasikia!" akasema mama mudogo, na sasa yeye ndiye aliyekasirika. "Mutoto gani hasikie luga ya mama yake?"

Nikamwomba aniambie jinsi ya kusema nimekula, akanitamkia polepole, mara mbili tatu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika maman mkono, nikasema.

Maman akanikazia macho. Akanitazama weee, kutoka uso mpaka mikono. Kisha akamgeukia ndugu yake, akanong'ona.

"Anasema nini?"

"Anasema unamudanganya," akasema mama mudogo. "Anataka useme umekula nini."

Na kweli, tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.