Kiitikio cha Nyuma ya Ukuta

Mgeni wetu alikuwa mtunzi wa muziki, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Korea. Kazi yangu ilikuwa kumpigia kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi cha taarabu, na kumtafsiria. Sikumpenda. Alichukua nyimbo za bibi zake, akazitia kwenye fidla na filimbi za Kizungu, kisha akazifanyia mzaha: fidla inapiga chafya, filimbi inakimbizwa kama kuku. Kwenye mazoezi, pale Mji Mkongwe, wenzangu wa kikundi walicheka mpaka wakaweka ala chini. Mimi kicheko sikuwa nacho. Nyumbani kwangu, mtaa wa Amani, alilala mama, niliyemleta kutoka kijijini Kizimkazi baada ya kiharusi kumpooza upande mmoja na kumnyang'anya maneno.

Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikangoja. Marahaba haikuja. Daktari alisema tumjaribu kwa nyimbo, maana wapo wasioweza kusema lakini wakaweza kuimba, na sauti isipotumika hata ile iliyobaki itakwenda. Nikampigia taarabu zote nizijuazo. Alinitazama kwa adabu tu, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokipenda.

Nyimbo zake yeye zilikuwa za ngoma ya wanawake ya kijijini, na hizo sikuzijua. Ngoma ikianza ndani, sisi watoto wa kiume tulitolewa nje, tukabaki kuegemea ukuta. Mwanamke mmoja alianzisha peke yake, na sauti yake haikuvuka ukuta. Wenzake wakamwitikia kwa pamoja, na hicho kiitikio ndicho tulichokisikia. Mama alikuwa mwitikiaji maisha yake yote. Nilikwenda Kizimkazi kumtafuta aliyekuwa akianzisha, nikaambiwa keshafariki. "Na nyimbo kaondoka nazo, baba," wakanambia wanawake wenzake. Nilirudi mjini nimekata tamaa kabisa.

Mgeni aliposikia habari hizi akaomba kuja kumjulia mama hali. Alikuja na kigoma cha Kikorea, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka. "Shikamoo Bi Mkubwa," akasema kwa lafudhi ya ajabu. Kisha akapiga kigoma kidogo, akakata ghafla, akamwinulia mama nyusi kama anayemchokoza mtoto. Akapiga tena, akakata. Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu si kichekesho.

Mama akaitikia.

Kilikuwa kile kile kiitikio cha nyuma ya ukuta, na maneno yake yote. Mke wangu alitoka jikoni mikono imejaa unga. Nililia bila haya. Mgeni hakulia. Aliendelea kumchokoza, na mama akaendelea kumjibu, mdomo umepinda, macho yanacheka.

Wiki ile ile mgeni akarudi Marekani, akaniachia kigoma. Kila alasiri nilikaa mbele ya mama nikapiga mapigo yale yale na kukata pale pale. Hakuitikia. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Nikapiga polepole. Nikamtafuta mgeni kwa simu ya video apige yeye, lakini mama aliangalia kioo cha simu, akageuza uso. Nikamwomba mgeni anisikilize, anionyeshe ninapokosea.

"Hukosei," akasema. "Ila wewe unamwomba. Mimi nilikuwa nacheza naye. Cheza naye."

Nicheze! Mtu mama yake anazama mbele ya macho yake, atacheza vipi? Nilikata simu bila kuaga. Lakini usiku kucha neno lile halikuniondoka, kwa sababu sikuwa na jingine la kushika. Mama alikuwa ameanza kukataa hata uji, na pumzi zake zilikuwa fupi.

Alasiri iliyofuata nilichukua tena kigoma.

"Leo mwache, keshachoka," akasema mke wangu.

"Nnataka mara moja tu."

Niliketi mkekani. Nikapiga, nikakata, nikainua nyusi, nikatoa meno yote nje kama mwendawazimu. Mama alinitazama usoni muda mrefu. Midomo yake ikatikisika. Kisha akanyoosha ule mkono wake mzima, akashika ncha ya kanga yake, akanifuta mashavu yaliyolowa, hili kisha lile. Nami nilidhani natabasamu.