Maiti Aliyegoma Kuamka

Chathukutty muuza chai alikufa mara sita, na mara zote sita mimi ndiye niliyemnyoa. Kinyozi wa kijiji nitakataaje? Lawama zote mpelekeeni Unnithan, mtoto wa mwalimu wetu, aliyerudi kutoka chuo cha filamu na ndevu, kamera ya kukodi na huzuni ya kututosha kijiji kizima. Filamu zake hazina nyimbo wala ngumi. Kuna mvua, kuna njaa, halafu mtu anakufa. Waigizaji wa mjini hawakutaka kulazwa sakafuni juu ya jani la mgomba, taa ikiwaka kichwani, kama maiti wa kwetu anavyolazwa. Chathukutty alikubali. Alikuwa mwembamba, na aliweza kubana pumzi kama mdaiwa anayebishiwa hodi.

Basi akazama mtoni, akaumwa na nyoka, akaangukiwa na nazi. Unnithan akazoa medali katika miji tusiyoweza kuitamka, na Chathukutty akapata jina la Marehemu.

"Marehemu, chai mbili!"

"Subiri. Mwenzio nimefufuka sasa hivi, maji hata hayajachemka."

Sharti lake lilikuwa moja, na huku kwetu kila mwigizaji analijua. Ukishaigiza maiti, hutoki mpaka uitazame kamera ucheke, nayo ikupige picha unacheka. Ukiachwa umelala mle ndani ya filamu, kifo kitadhani umekialika.

Katika filamu ya sita mkanda ulikaribia kuisha. Unnithan alibakiwa na kipande cha kutosha picha moja tu, na picha yenyewe ilikuwa ndiyo mwisho wa filamu: baraza tupu, maiti keshaondolewa, taa inawaka peke yake.

"Kaka Chathu, inuka. Tumemaliza."

Maiti kimya.

"Kaka, jua linazama!"

"Hajacheka," alisema Kalyani, mkewe, mikono kiunoni.

"Dada, huo ni ushirikina. Sina mkanda wa kuchezea."

"Na mimi sina mume wa kuchezea. Ninaye huyu mmoja tu, tena mbovu."

Tuliangua kicheko. Nzi akatua puani mwa maiti, akatembea mpaka mdomoni, na mwenyewe hakutikisika. Unnithan akamvuta Ouseph, mpiga picha wake, hadi karibu yangu, akidhani kinyozi hana masikio.

"Toa mkanda, acha kamera ingurume tupu. Acheke, atoke, kisha uurudishe."

Ouseph akatikisa kichwa kukubali, akatugeuzia mgongo, akashughulika na mfuko wake mweusi wa kubadilishia mkanda gizani. Kamera ikanguruma. Chathukutty akaketi, akacheka fizi nje, Kalyani akamsaidia kuinuka. Halafu wakapiga baraza lao.

Mvua kubwa zilipoanza, Chathukutty akashikwa na homa. Daktari akatoa vidonge, homa ikavidharau. Unnithan alikuja kumjulia hali, na Kalyani akamdaka mlangoni.

"Ulimpiga picha akicheka? Niambie kweli."

"Nilimpiga, dada." Alisema hayo akitazama vidole vyake vya miguu.

Nilimfuata nje. "Mwongo mkubwa wewe."

"Ni homa tu, kaka. Homa haijui habari za filamu."

Lakini wali aliopakuliwa hakuugusa, na jioni ileile akapanda treni kwenda Madras, mkanda unakosafishwa.

Alirudi kabla hatujamtarajia. Nilimwona anakimbia kwenye tope, ndala moja mguuni, nyingine sijui ameiacha wapi, ameshika kitu juu kisilowe. Niliacha mteja na povu shavuni, nikamfuata. Kule Madras alikuwa ametafuta baraza lake asilione. Mwisho wa mkanda alikuwapo Chathukutty tu, anacheka mpaka unapokatika. Ouseph hakuutoa hata kidogo. Baraza ndilo lililopigwa na kamera tupu. Ouseph alipoulizwa sababu, alijibu, "Na mimi nina mama yangu. Ningemwambia nini?"

Kwa Chathukutty, Unnithan akaunyoosha mkanda dirishani, kwenye mwanga, vijipicha vimepangana. Mgonjwa akainua kichwa kwa shida.

"Hawa wote ni mimi?"

"Wote, kaka."

"Na hakuna hata mmoja mwenye meno?"

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kalyani akalia kwa sauti, na sioni haya kusema kwamba nami nililia.

Kufikia asubuhi homa ilikuwa imeshuka na Chathukutty anadai uji. Daktari alisema ni vidonge vyake, hatukumbishia. Si mtu wa huku. Unnithan alikuwa bado kibarazani, tope limemkaukia miguuni.

"Filamu yangu haina mwisho," alisema. "Na sijui nilikuwa nakimbilia nini. Mimi siamini mambo haya."

"Hata mimi siamini, mdogo wangu," alisema Kalyani. "Hebu lete huo mkanda nimtazame tena."