Kamba ya Fundi Fikirini

Fundi Fikirini alijenga nyumba Kariakoo miaka thelathini, na ukitaka kugombana naye ilitosha umwambie ukuta wake umepinda. Mrufiji yule hakuwa na mchezo na kamba. Kabla ya shimo la kwanza alipigilia vigingi, akavuta kamba, akapima kona kwa kona. Kibarua aliyechimba nje ya mstari, hata upana wa kidole, alifukia akaanza upya.

Boriti zake alizikata mikokoni, kule mto Msimbazi unakoingia baharini, nyuma ya Upanga. Alikata yeye, wakakata wenzake, hata mwaka wa hamsini na nne akaenda na shoka akakuta visiki vitupu. Mikoko sita tu ndiyo iliyosimama, na kulasitara wote wa upande ule wamejazana humo, kiota juu ya kiota, wakigombana kama wapangaji wenye choo kimoja. Kaa nao walikuwa wa kutafuta.

"Boriti ziko wapi?" mkewe Sitara alimwuliza aliporudi mikono mitupu.

"Zote ziko Kariakoo. Zimebeba mapaa."

Tangu siku ile akawa anaokota mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani, na maji yakitoka anazichomeka topeni. Na kwa kuwa hakujua kuanza kazi kwa njia nyingine, alipigilia vigingi, akavuta kamba. Mstari kwa mstari, hatua mbili mbili, kona zake kona kweli. Ukitazama kwa mbali ungesema msingi wa msikiti.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kariakoo nzima ilijua kwamba Fikirini akivuta kamba mahali, pana mtu atahamia.

Wa kwanza kuja alikuwa Anselmi, Mchaga mwenye duka la vyombo.

"Shikamoo, fundi. Nasikia mnapima viwanja kule chini."

"Marahaba. Napanda mikoko."

"Eeh, mikoko." Anselmi alicheka kwa adabu, akasogeza kigoda. "Mimi si mropokaji, fundi. Niwekee cha pembeni."

"Anselmi, pale bahari inaingia kila siku!"

"Itajazwa kifusi. Kama haijazwi, wewe ungepima?"

Siku tano Fikirini alieleza. Alieleza barazani, alieleza kwenye kahawa, alieleza hata akinyolewa, na kila alivyozidi kueleza ndivyo watu walivyozidi kuamini anaficha kitu. Mmoja alimwita mchoyo. Mwingine alimletea kuku, naye akamrudisha kuku huyo kwa miguu mpaka Mchafukoge.

Siku ya sita akakuta nguzo nne topeni, mbichi, maganda yanachuruzika wekundu. Hakuwa na haja ya kuuliza. Aligeuka akahesabu mikoko: mitano. Chini ya kisiki kipya palikuwa na viota viwili vimepinduka, na yai moja zima, la rangi ya maji ya bahari. Kulasitara walizunguka juu wakilia. Anselmi alisimama kati ya nguzo zake, suruali kaikunja, viatu mkononi.

"Umekata mti ninaoupandia wenzake!"

"Nimeweka mpaka, fundi, kama ulivyoweka wewe. Tena nimefuata kamba yako. Tazama, sikupinda hata kidole."

Fikirini akatazama. Kweli, hakupinda.

"Na kesho wanakuja wenzangu saba," Anselmi alisema. "Kila mtu na nguzo zake nne."

Watu saba, mikoko mitano. Fikirini alirudi nyumbani, akamsimulia mkewe.

"Baba Shaibu," Sitara alimwambia, "anayewaita ni wewe. Umeona wapi mwitu umepanga foleni?"

"Kazi iliyopinda mimi siiwezi."

"Basi wajengee mtaa."

Alfajiri walishuka wote wawili, maji yakiwa bado magotini. Aling'oa vigingi, akakunja kamba, wakaanza kuhamisha miche: mmoja huku, mitatu kule, mingine imebanana kana kwamba inateta. Kila mche alioupanda nje ya mstari, alisonya.

Jua lilipopanda, wale saba wakafika na mapanga, Anselmi mbele. Walitafuta kamba, hawakuiona.

"Fundi, mipaka iko wapi?"

"Waulize kaa."

Waliitazama miche iliyotawanyika kama imemwagwa na mlevi. "Hii si kazi ya Fikirini," mmoja alisema. "Hapa hapana kiwanja. Anselmi katuamsha bure!" Wakaondoka wakimcheka mwenzao njia nzima, wakimwita mwenye jumba la baharini, na mapanga yao hayakugusa kitu. Anselmi alizing'oa nguzo zake nne, akazitia begani.

Sitara alijinyoosha kiuno, akaangalia kazi yao.

"Baba Shaibu, ule mstari wa mwisho mbona umenyooka?"

Fikirini alijifanya hakusikia. Alinawa mkono mmoja, akanawa wa pili. Kisha akasonya, akarudi topeni, akaung'oa mche wa katikati na kuusogeza shubiri moja.