Kifutu na Klachi Kavu

Watu wa kwetu wanamlaumu nyoka. Mimi nyoka namweka wa tatu. Wa kwanza ni fundi mmoja wa pawatila, vile vitrekta vya mkono vya kulimia mpunga, wa pili ni mdogo wangu, aliyempelekea pikipiki yangu bila kuniuliza.

Tulikuwa kwenye palizi ya mpunga, upande wa Namawala. Asubuhi kifutu akaniuma mguuni. Mdogo wangu akanipakia kwenda hospitali Ifakara. Hatukufika mbali, injini ikaanza kunguruma kwa nguvu na sisi hatuendi. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Ulimpa nani hii pikipiki?"

"Fundi wa pawatila, kaka. Klachi ilikuwa nzito. Akatoa pleti zake akazisafisha kwa petroli mpaka zikakauka. Na oili ya injini akapunguza. Alisema klachi ikilowa haishiki."

Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, ngozi inang'aa. Mbele tope, pembeni maji ya majaruba, mtu hakuna. Niliogopa kufumba macho, nikijua nikiyafumba ndiyo basi.

"Usilale, kaka. Ongea."

"Niongee nini, na umeshaniua kwa petroli?"

Akaanza kulia huku anaisukuma pikipiki nami juu yake, na kilio chake ndicho kilichonitisha zaidi ya uvimbe.

Mfugaji mmoja Msukuma akatukuta na mkokoteni wake wa ng'ombe, akanilaza juu ya magunia. Ng'ombe hana haraka na sumu ya mtu. Hospitali nilifika alasiri. Uhai waliuokoa, vidole vitatu vya mguu vilikuwa vimekufa, wakavikata.

Baadaye fundi wa pikipiki pale mjini alinifungulia klachi, pleti nyeusi kama mkaa. Akanieleza, na mimi niliyeishia darasa la nne nikaelewa. Klachi ya pawatila imefungiwa peke yake, kavu, oili ikiigusa inateleza. Ya pikipiki yangu inaogelea humo humo kwenye oili ya injini, ndiyo inayoipoza. Ukiinyima, inaungua.

Yule wa pawatila alikuja kunipa pole, jogoo kwapani.

"Pole, mzee. Ila kwenye pawatila klachi haijawahi kunishinda."

Nikamfunulia mguu. Akaondoka na jogoo wake.

Mpaka leo nikisikia injini inanguruma bila kwenda, hata ya mpita njia, jasho linanitoka, na vidole nisivyokuwa navyo vinauma.