Sabuni 13,527 kwa Vijiji Tisa

Miaka ile ya shida mke wangu alifua nepi kwa majivu. Zikaletwa sabuni 13,527 kwa vijiji tisa. Karani akatoa 1,500 kila kijiji. Zetu za kijiji cha Sigino zikaisha kabla sijafikiwa.

"Zilizobaki hazigawanyiki kwa tisa," akasema. "Ni za ofisi."

Nilichemka. "Jumlisha tarakimu. Moja, tatu, tano, mbili, saba: kumi na nane, yaani tisa mara mbili. Basi namba nzima inagawanyika, na hizo zilizobaki pia."

"Ndugu, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la pili, na nimekushinda."

Sisi tuliokosa tulizuia mlango wa ofisi mpaka akaongeza tatu kila kijiji. Zetu tatu walipewa wenye vichanga, mke wangu akiwemo. Karani hajaniomba radhi mpaka leo.