Siku Niliyokalia Kigoda cha Mzee Bukuru

Kilichoninyima usingizi kule Kibondo kabla ya safari ni swali moja tu: hivi wanakijiji wakiniona, watamwona mwalimu au mwanafunzi aliyepotea njia? Naomba mcheke taratibu, maana aibu iliyofuata hadi leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kumsenga, kidevu changu hakina hata unywele mmoja, na sauti yangu (sijui ilichelewa wapi) bado ilikuwa inapanda na kushuka. Afisa aliyenipeleka aliniambia wazi kwamba halmashauri ya kijiji ikinikataa, kazi hakuna, narudi Kasulu kwa baba, ambaye alikwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba mwanawe ni mwalimu.

Basi juu ya lori nikawaza, nikawazua, nikaamua jambo dogo tu: nisifanye lolote linalofanywa na vijana. Kijana husubiri kuonyeshwa pa kukaa, mimi nitakaa. Tulipofika tukakuta wazee wamezunguka mtungi wa pombe ya ndizi, na kigoda kimoja kilikuwa wazi. Nikasalimu, nikakaa. Mbele yangu mrija ulikuwa umesimama mtungini, nikaona mtu mzima hauachi mrija ukae bure, nikauvuta.

Wote wakageuka kunitazama.

Nyuma yangu mzee mmoja aliyekuwa amekwenda kujisaidia alikuwa amerudi, kaegemea fimbo yake. Ndiye Mzee Bukuru, mkubwa kuliko wote pale, kigoda chake, mrija wake, na (hili nalijua tangu utotoni, kwetu ni hivyo hivyo!) mrija wa mkubwa hauguswi na mtu mpaka mwenyewe ampe.

"Mwacheni," akasema. "Huenda ni babu yangu amerudi."

Wakaangua kicheko. Ningesimama, mambo yangeishia hapo, lakini niliwaza kwamba nikisimama nitaonekana mtoto aliyekaripiwa, kwa hiyo nikabaki nimekaa (nimekaa, jamani!), nikasema, "Karibu, mzee."

"Ahsante, babu," akajibu, akaketi chini kwenye majani. "Basi tuamulie. Mbuzi wa huyu wamekula maharage ya yule. Tufanyeje?"

Na mimi nikaamua! Nikaeleza fidia, nikataja sheria, mpaka sauti ikapasuka katikati ya neno kama jogoo anayejifunza kuwika. Mama mmoja aliyekuwa akipura maharage pembeni akaangusha fimbo yake, akashika mbavu.

Mwenyekiti wa kijiji akajifuta machozi. "Ndugu Afisa, tuliomba mwalimu, umetuletea mtoto wa kulea. Mrudishe kwao akamalize kukua."

Afisa akanionyesha lori kwa kidevu. Nikapanda, dereva akawasha, na hapo juu nikaona jambo ambalo mawazo yangu yote marefu hayakunionyesha: nilikuwa nimefukuzwa kwa kuigiza uzee, lakini mimi mwenyewe, nilivyo, hakuna aliyenipima bado. Nikaapa kwamba umri wa mtu mwingine sitauvaa tena. Nikagonga bati la lori, nikaruka.

Nikapiga goti mbele ya Mzee Bukuru. "Shikamoo, babu. Nimekosa adabu, nisamehe. Mimi ni mdogo kweli, na leo sitakua. Lakini kufundisha najua." (Sauti ikapasuka tena, nikaiacha ipasuke.)

"Marahaba," akasema, akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mtungi. Aliyejibu ni yule mama wa maharage.

"Mimi nimezaa sita, mtoto hanitishi. Tunaanza lini?"

"Sasa hivi, mama."

Afisa akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akamwashiria aniache. Nikateremsha ubao wangu wa kufundishia kutoka kwenye lori, nikauegemeza ukutani, nikaandika herufi a, kubwa kabisa. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amekwisha kukaa chini na wenzake wawili, na lori lilikuwa linarudi Kibondo bila mimi.